Uzi: Lycorma, mfyonzaji wa mizabibu. Namna ya kumtambua, kumkagua na kumdhibiti (wakulima wa Nyanda za Juu Kusini)

#1 Bustani_Ifunda

Kamwene wakuu. Kila ikipita picha ya mdudu mwenye mabawa mekundu yenye madoa kwenye magrupu ya wakulima wa Iringa, Njombe na Mbeya, maelezo yake huwa nusu kweli. Mara ni nondo, mara ni nzi, mara anauma watu. Tumweke sawa hapa. Wenye mizabibu huku kwetu ni wachache na wametawanyika, na mdudu wa aina hii hupenya pale ambapo watu hawajui wanachokitazama.

Jina lake la kisayansi ni *Lycorma delicatula*, wa familia ya Fulgoridae: wadudu wanaoruka kama panzi na kufyonza kama vidukari. Kwao asili ni China. Korea Kusini alitambuliwa kama mvamizi mwaka 2004. Marekani aligunduliwa Septemba 2014 katika wilaya ya Berks, jimbo la Pennsylvania, na inaaminika mayai yake yaliingia yakiwa yamebandikwa kwenye shehena ya mawe. Sasa yuko kwenye majimbo zaidi ya 15. Afrika haimo kwenye orodha ya sehemu alizoweka makazi, kwa hiyo huu ndio wakati wa kujifunza sura yake.

Sura zake ni hizi, na nyingi hazifanani na ile picha ya mabawa mekundu:

Mayai. Hutagwa mistari mistari, mayai 30 hadi 50 kwenye bamba moja lenye urefu wa kama sentimita 2.5. Jike huyafunika kwa nta ya kijivu. Ikiwa mbichi inang'aa kidogo. Ikikauka inapasuka na kufanana kabisa na tope lililorukia ukutani.

Tunutu. Anajivua mara nne kabla ya kupevuka. Hatua tatu za kwanza ni mweusi mwenye madoa meupe, na anapoanguliwa ana milimita 3 hadi 4 tu, wengi humdhania kupe. Hatua ya nne anakuwa mwekundu mwenye madoa meupe na michirizi myeusi, kama milimita 12.

Mpevu. Urefu sentimita 2.5 hivi. Akitulia na kukunja mabawa ni wa kijivu mwenye madoa meusi, ncha za mabawa zikiwa na vistari kama matofali. Wekundu wa mabawa ya ndani hauonekani mpaka umshtue au umkute amekufa. Tumbo ni la njano lenye mikanda myeusi.

Haumi, hana sumu ya kudunga, na tunda lenyewe la zabibu halitoboi. Anachofanya ni kuingiza mrija wake kwenye shina na matawi na kufyonza maji yenye sukari yanayoshuka kutoka kwenye majani. Kizazi ni kimoja kwa mwaka. Kule Marekani mayai huanguliwa mwishoni mwa Aprili hadi Juni, wapevu huonekana kuanzia Julai, utagaji huanza Septemba na kuendelea mpaka baridi kali iwaue.

Karibuni, mwenye nyama aongeze.

#2 Mama_Kihesa

Asante kwa uzi. Naomba kuuliza: mzabibu wa kivuli hapa nyumbani umejaa weusi kama masizi juu ya majani, ukigusa unanata, na sisimizi wadogo weusi wanapanda na kushuka kwenye shina kutwa nzima. Je, ndiye huyu?

#3 Darubini_Uyole

Mama, karibu hakika siye. Hayo masizi ni ukungu mweusi unaoota juu ya kinyesi kitamu cha wadudu wafyonzaji, na wafyonzaji wa kutoa utamu huo ni wengi: vidung'ata, vidugamba, vidukari, inzi weupe, pamoja na jamaa wote wa huyu Lycorma. Masizi yanakuambia kuna mfyonzaji, hayakuambii ni nani. Watu hupoteza fedha hapa: wanaona weusi wanadhani ni ugonjwa, wananunua dawa ya ukungu, wanapuliza mara tatu, na mdudu yuko palepale anaendelea kunyonya.

Fanya hivi. Fuata njia ya wale sisimizi mpaka inapoishia, wao wanakwenda moja kwa moja kwenye chakula. Bandua magamba makavu ya shina la zamani kwa kisu butu. Ukikuta vijidudu vya mviringo vyenye unga mweupe kama pamba, ni vidung'ata. Ukikuta vivimbe vya kahawia visivyotembea vilivyogandama kwenye kijiti, ni vidugamba. Vidukari wao hukaa kwenye machipukizi laini na chini ya majani machanga.

Mdudu akiruka unapomkaribia, basi uko kwenye kundi la warukaji, na hapo tena kuna makundi mawili. Mwangalie kwa lenzi ya kukuza mara 10. Papasi (vile viungo vya kichwani vya kupapasia) zikiwa chini ya jicho, na kipande chake cha pili kimevimba kama kitufe, ni wa ukoo wa Lycorma. Papasi zikiwa katikati ya macho, nyembamba kama unywele, ni wale wadogo wa majani, ambao ukimsogezea kidole hutembea kiubavu kama kaa. Tofauti hii si ya kitaaluma tu: wale wa majani wengi hukaa upande wa chini wa jani, kwa hiyo dawa lazima ifike huko, Lycorma hukaa kwenye shina na matawi, ukipuliza majani tu umemkosa.

Kuna pia jamaa zake walioko Afrika Mashariki tangu enzi, wa familia ya Flatidae. Wapevu wana mabawa mapana yaliyosimama kama paa la nyumba, na tunutu wao wana nyuzi za nta nyeupe mkiani kama manyoya. Wanakaa mfululizo kwenye kijiti na ukikitikisa wanaruka wote pamoja. Hao usiwaripoti kama Lycorma.

#4 Mama_Kihesa

Nimefuata sisimizi. Kuna pamba nyeupe chini ya magamba ya shina. Kwa hiyo ni vidung'ata?

#5 Darubini_Uyole

Ndiyo, vidung'ata. Anza na sisimizi, maana ndio walinzi wao: huwafukuza wadudu rafiki ili waendelee kulamba utamu. Funga shina kwa utepe wa plastiki upana wa sentimita 10, juu ya utepe ndipo upake grisi au gundi ya kunasa. Usipake moja kwa moja kwenye gome. Kata matawi yoyote yanayogusa ukuta au uzio, vinginevyo watapita huko. Kisha sugua shina kwa brashi ngumu na maji ya sabuni. Masizi yenyewe yaoshe kwa maji tu. Wakati huu wa kiangazi hakuna mvua ya kuyaosha, ndiyo maana yanaonekana mengi kuliko Februari. Wafyonzaji wakiisha, majani mapya yatatoka safi.

#6 Msafirishaji_Mlowo

Wakuu, mdudu wa Pennsylvania atafikaje Mbozi? Si atakufa njiani?

#7 Bustani_Ifunda

Mpevu angekufa njiani, ila hasafiri mpevu, yanasafiri mayai. Jike hatagi kwenye mti tu. Hutaga kwenye jiwe, chuma, paleti, matofali, chini ya tela, ubavuni mwa kontena, kwenye matairi yaliyowekwa nje, hata kwenye viti vya plastiki vya bustani. Yai lililofunikwa na nta linavumilia miezi bila chakula.

Sasa tazama ramani yetu. Mzigo ukishuka bandari ya Dar es Salaam ukielekea Zambia au Kongo, unapanda barabara ya TANZAM: Mikumi, Ipogolo, Makambako, Chimala, Uyole, Mlowo, Tunduma. Wa Malawi unachepuka Uyole kwenda Kasumulu. Malori hulala njiani, hushusha, hufaulisha, paleti zilizochoka huuzwa kwa mafundi na wafugaji wa kuku. Kwa mdudu anayebandika mayai kwenye mizigo, hiyo ni njia nyeupe.

Mizigo ya kuitazama zaidi ni iliyokaa nje kabla ya kupakiwa, ikitoka China, Korea Kusini, Japani au mashariki ya Marekani, na kupakiwa kati ya Septemba na Juni, maana hiyo ndiyo miezi ambayo mayai yapo. Vigae na mawe ya kukata, mitambo iliyotumika, mabomba ya chuma, paleti za mbao. Kompyuta kwenye boksi lililotoka kiwandani si tatizo.

#8 Kigonsera_Tena

Kuna watu wanasema baridi ya Makete na Kitulo itamuua hata akija. Sikubaliani, ila nataka wataalamu waseme.

#9 Darubini_Uyole

Uko sahihi kutokubali. Baridi kali humuua mpevu. Mayai hayafi kirahisi hivyo. Yanapita majira ya baridi ya Pennsylvania, ambako maji huganda kwa wiki nyingi mfululizo, na yanaanguliwa. Umande wa barafu wa Juni na Julai wa Makete hauwezi kulinganishwa na hiyo. Tusijiwekee kinga ambayo haipo.

Hoja nyingine inayofanana: "huku hatuna ule mti wake". Mti anaoupenda kuliko yote ni *Ailanthus altissima*, wenye asili ya China pia. Lakini anakula aina za mimea zaidi ya 100, na anaweza kumaliza maisha yake yote bila kuuona mti huo. Mzabibu ni kati ya mimea anayoipenda zaidi.

#10 Fundi_Igurusi

Naomba utaratibu wa kukagua na kutoa hayo mayai, hatua kwa hatua. Tuna ghala la paleti na mabati hapa.

#11 Bustani_Ifunda

Hii ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote, kwa sababu bamba moja ukilitoa umeondoa wadudu 30 hadi 50 kwa mkono mmoja, bila dawa.

Vifaa: tochi, kadi ngumu ya plastiki (ile ya benki iliyoisha muda inafaa), mfuko wa plastiki wenye kufungika au chupa ya mdomo mpana, na spiriti ya asilimia 70 au kitakasa mikono. Usipokuwa navyo, maji yenye sabuni nyingi.

Tazama upande wa chini na wa ndani kwanza. Jike hupenda sehemu iliyokingwa na mvua: chini ya ubao wa paleti, kwenye pembe za ndani za chuma, nyuma ya mikanda ya kontena, chini ya tawi badala ya juu yake. Elekeza tochi kiubavu, mwanga ukilala juu ya uso wa kitu, uvimbe wa bamba unaonekana kwa kivuli chake. Mwanga wa mbele kwa mbele unalificha.

Kabla ya kukwangua hakikisha unakwangua kitu chenyewe. Tope la kawaida likikwaruzwa kwa ukucha linakuwa vumbi. Bamba la mayai linatoka kama nta ngumu na chini yake kuna mistari ya vitu kama mbegu ndogo za kahawia. Nyumba ya nyigu wa udongo ni nene na ina vyumba. Kifuko cha mayai ya vunjajungu ni chepesi kama povu lililokauka, na hicho kiacheni, vunjajungu ni rafiki wa shamba.

Shika kadi ikiwa imelala kidogo, sukuma kutoka juu kwenda chini huku mfuko ukiwa umekinga chini ya bamba. Bonyeza kwa nguvu mayai yapasuke, kisha yatumbukize kwenye spiriti na uyaache humo humo, ufunge. Kosa la kila siku ni kukwangua na kuacha vipande vidondoke chini. Mayai yaliyoanguka yakiwa mazima bado yanaweza kuanguliwa ardhini.

Ukikuta mayai yana tundu upande wa juu wa kila moja, yameshaanguliwa. Hapo kazi si bamba tena, tafuta tunutu kwenye mimea iliyo karibu.

Halafu jambo moja muhimu zaidi ya yote: kwa kuwa kwetu hajathibitishwa, piga picha kabla ya kukwangua, sarafu ikiwa pembeni kwa kipimo, na bamba la kwanza usiliharibu lote. Maelezo ya kuripoti yanakuja chini.

#12 Zao_Jipya

Kwa nini tujisumbue na kadi wakati kuna dawa? Piga dozi kali shamba zima mara moja, mambo yaishe.

#13 Mpogoaji_Pawaga

Ndugu, wenzetu wa Pennsylvania walijaribu njia hiyo na wakajifunza kwa gharama. Nieleze kwa nini haiishi.

Lycorma hazaliani ndani ya shamba la mizabibu kwa wingi. Anakulia msituni na vichakani, halafu wapevu huhamia kwenye mizabibu kwa makundi, hasa Septemba na Oktoba ya kwao. Unaweza kuua wote leo, na kesho kutwa wakawepo wengine kama hakukufanyika kitu, kwa sababu walioko nje hawakuguswa. Ukipandisha dozi hubadilishi hilo, unabadilisha tu kiasi cha sumu kwenye zabibu.

Tena hawasambai sawasawa. Wengi hujazana kwenye mistari ya pembeni, hasa ndani ya mita 15 hivi za kwanza upande unaopakana na miti. Kwa hiyo upulizaji wenye akili ni wa ukingo. Unatumia dawa kidogo, na katikati ya shamba unawaacha wadudu rafiki hai. Hili la wadudu rafiki si pambo. Dawa za kundi la pairethroidi zikipigwa shamba zima mara kwa mara zinawamaliza wala-utitiri, na wiki chache baadaye unapata mlipuko wa utitiri na vidung'ata ambao hukuwa nao. Umebadilisha tatizo moja kwa mawili.

Na kuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kwa lebo za Marekani, bifenthrini kwenye zabibu inataka siku 30. Kabarili siku 7. Dinotefurani ya kupuliza majani siku 1. Tatizo ni kwamba wapevu hufika karibu na mavuno, kwa hiyo ile inayodumu muda mrefu huwezi kuitumia, na unayoweza kuitumia haidumu. Hapa Tanzania unafuata lebo ya kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kwa zao husika. Namba nilizotaja ni za kuonyesha jinsi dawa zinavyotofautiana, msizichukue kama ruhusa.

#14 Zao_Jipya

Nimeelewa mkuu. Sasa mtu wa ukingo tu atajuaje anahitaji dawa kiasi gani? Wengi tunakadiria kwa macho.

#15 Mpogoaji_Pawaga

Pima kwa maji matupu. Jaza bomba la lita 15 hadi mstari, puliza mizabibu 10 kama unavyopuliza siku zote, ukilowesha shina na matawi, kisha rudisha maji hadi mstari kwa jagi la kupimia. Mfano yamerudi lita 4: kila mzabibu unakula lita 0.4. Ukingo wako una mizabibu 300, unahitaji lita 120, yaani mabomba 8. Lebo ikisema kwa mfano mililita 10 kwa bomba la lita 15, basi unanunua mililita 80 na hubaki na dawa ya kumwaga mfereji. Rudia kipimo kila unapobadilisha pua ya bomba, au majani yanapoongezeka.

Usirudie kundi moja la dawa mfululizo. Angalia namba ya kundi kwenye lebo: 3A ni pairethroidi, 4A ni jamii ya dinotefurani na imidaklopridi, 1A kabamati, 1B organofosfati. Kubadilisha jina la chupa bila kubadilisha namba hiyo si kubadilisha dawa.

Usipulize mzabibu ukiwa kwenye maua, wala nyuki wakiwa wanakusanya. Ule utamu wa Lycorma huwavuta nyuki na nyigu, kwa hiyo hata mzabibu usio na maua unaweza kuwa na nyuki. Wenye mizinga Mufindi na Kilolo wazingatie.

#16 Mama_Kihesa

Kwa sisi wenye mzabibu mmoja au miwili ya nyumbani, sabuni na mwarobaini vinatosha? Vipimo tafadhali.

#17 Kigonsera_Tena

Vinatosha kwa tunutu na kwa vidung'ata vilivyo wazi. Mpevu wa Lycorma ni mgumu zaidi.

Sabuni: ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha, mililita 150 hadi 300 kwa bomba la lita 15. Anza na 150. Sabuni ya unga ya kufulia inaunguza majani, iache. Maji ya kisima yenye chumvi hufanya sabuni igande juu kama utando na haiui kitu. Tumia ya mvua au ya mto. Sabuni inaua inapomlowesha mdudu tu, ikikauka imekwisha kazi, kwa hiyo lenga mdudu mwenyewe na urudie baada ya siku 5 hadi 7.

Mafuta ya mwarobaini: mililita 75 kwa lita 15. Usiyamimine moja kwa moja kwenye bomba, yataelea. Koroga kwanza na mililita 15 za sabuni kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu mpaka yawe meupe kama maziwa, ndipo uongeze maji mengine. Tikisa bomba kila baada ya dakika chache.

Yote mawili: jaribu kwenye majani machache, subiri siku 2, ukiona kingo zimekauka punguza. Puliza jioni.

Na onyo kwa wanaotumia salfa dhidi ya ubwiri unga: usipige mafuta ndani ya wiki 2 za salfa, kabla au baada. Vikikutana kwenye jani vinaliunguza, na watu huishia kumlaumu mwenye duka la pembejeo.

#18 Fundi_Igurusi

Mtego je? Nimeona watu wakifunga gundi kuzunguka mti.

#19 Bustani_Ifunda

Gundi inafanya kazi kwa kuwa tunutu huanguka na kupanda tena shina mara nyingi. Lakini utepe wa gundi ulio wazi hunasa ndege, mijusi na vipepeo. Ukiutumia, zungushia wavu wa waya wa kuku kwa nje, ukiacha nafasi ya sentimita chache.

Bora ni mtego wa mduara, na fundi yeyote anaweza kuutengeneza. Kata wavu wa dirishani upana wa sentimita 50, urefu wa kuzunguka shina na ziada. Ufunge uwe kama sketi: mdomo mpana chini, umeshikwa shinani kwa kamba na pini, mdomo mwembamba juu. Ule wa juu uingize kwenye chupa ya plastiki iliyopinduliwa na kukatwa kitako, kisha kwenye kitako hicho funga mfuko wa plastiki kwa mpira. Mdudu anapanda shina, anakutana na wavu, anaendelea juu, anaishia kwenye mfuko. Urefu wa kama mita 1.2 kutoka ardhini. Kosa kubwa ni mianya kati ya wavu na gome lenye mikunjo, ijaze kwa sponji au kitambaa. Badilisha mfuko angalau kila wiki 2, mfuko wenye maiti wengi unanuka.

Kwa sasa kwetu mtego huu ni wa kuchunguza tu. Weka kwenye mti mmoja au miwili iliyo karibu na maegesho ya malori au ghala.

#20 Zao_Jipya

Swali la mwisho kwangu. Mdudu asiyegusa tunda na asiyeleta ugonjwa anauaje mzabibu?

#21 Mpogoaji_Pawaga

Swali zuri sana, na ndilo linaloeleza uharibifu wote. Jani hutengeneza sukari, sukari hushuka, sehemu inakwenda kwenye zabibu na sehemu inawekwa kwenye mizizi kama wanga. Akiba hiyo ndiyo inayosukuma machipukizi ya msimu ujao kabla majani mapya hayajaanza kujitegemea. Wapevu wengi wakifyonza kwa wiki kadhaa mwishoni mwa msimu, wanga wa mizizi unapungua. Mwaka huo unaweza kuvuna kama kawaida ukadhani umepona. Hasara inakuja msimu wa pili: macho hayachipui, vichala vichache, na mizabibu mingine kule kwenye baridi hufa kabisa. Wadudu wachache mzabibu unawabeba. Tatizo ni idadi yao na muda wanaokaa.

Kwa kilimo chetu hofu yangu ni kubwa zaidi. Mzabibu wa ukanda wetu haulali wenyewe, tunaulaza kwa kupogoa, na wengi hupogoa mara mbili kwa mwaka wakifuata mtindo wa Dodoma. Kila kupogoa ni kuchota akiba ya mizizi. Mzabibu uliofyonzwa na wadudu wowote, hata hivi vidung'ata vya Mama Kihesa, usiukimbize kwenye msimu wa pili. Upe muda majani yarudishe akiba, ndipo upogoe.

#22 Darubini_Uyole

Nyongeza kuhusu vipandikizi, kwa sababu kuna wanaotaka kuleta mbegu za Ulaya. Kuna jamaa mwingine mdogo, *Hyalesthes obsoletus*, ambaye kufyonza kwake si kitu, lakini hubeba kimelea cha ugonjwa wa mizabibu unaoviza matawi na kukausha vichala. Tunutu wake huishi kwenye mizizi ya magugu, hasa mimea inayowasha ya jenasi *Urtica*. Mpevu huruka na kuonja mzabibu kwa bahati mbaya. Kupuliza mizabibu hakusaidii, wakulima wa kule huondoa magugu. Na hawafyeki wapevu wakiwa wanaruka, maana ukifyeka siku hizo umewasukuma wote waende kwenye mizabibu.

Vijiti vilivyokwisha kulala hutibiwa kwa kuzamishwa kwenye maji ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa dakika 45. Kipimajoto ni lazima: joto likipungua haliui kimelea, likizidi linaua macho ya kijiti. Na usilete kijiti chochote kutoka nje bila kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea. Kwa mbegu za ndani, TARI Makutupora ya Dodoma ndio wenye utafiti wa zabibu.

#23 Msafirishaji_Mlowo

Tukimkuta kweli, tunamripoti vipi?

#24 Bustani_Ifunda

Anza na afisa ugani wa kata, au wakaguzi wa afya ya mimea wa TPHPA walioko mipakani kama Tunduma na Kasumulu. Makao makuu yao ni Arusha. Ili ripoti yako isipuuzwe iwe na haya:

Picha tatu: ya juu, ya ubavu, na ya mahali alipokuwa, sarafu ikiwepo kwenye moja. Kama ni mpevu aliyekufa, fungua bawa la nje upige la ndani.

Mdudu mwenyewe kwenye kichupa chenye spiriti, na karatasi iliyoandikwa kwa penseli ndani ya kichupa: tarehe, kijiji, alikuwa kwenye mmea au kitu gani. Wino wa kalamu utayeyuka kwenye spiriti. Usimsafirishe akiwa hai hata kama ni kwa kumpelekea mtaalamu, na usimtupie kwenye basi la Mbeya.

Kama ilikuwa kwenye mzigo, namba ya kontena na ulikotoka. Mzigo usiuhamishe mpaka ukaguliwe. Na bamba moja ukiliona, kagua paleti zote za shehena hiyo siku hiyo hiyo.